Shangazi, chinchila wetu amebadilika tangu tuhamie Nzuguni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mama wa watoto wawili, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Nakuandikia kuhusu mnyama wetu wa ndani, maana kila ninayemuuliza ananiambia hajawahi hata kumsikia.

Tulipokuwa tumepanga Area D tulikuwa na jirani, mgeni kutoka Ulaya aliyekuja kikazi. Mwezi wa sita mkataba wake uliisha akarudi kwao, akamwachia binti yangu chinchila wake pamoja na tundu kubwa la waya, gunia la nyasi kavu, chakula chake cha punje na kopo la lile vumbi analoogea. Kwa wasiomjua, ni mnyama mdogo wa kijivu, masikio mapana, mkia wenye manyoya mengi kama wa kindi. Tunamwita Kijivu. Pale Area D tulimweka kwenye kijichumba cha nyuma, akatuzoea haraka kuliko tulivyotegemea. Jioni ukiingia anakuja wayani, anapokea jani la nyasi, anakushika kidole kwa mkono wake mdogo.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa tukahamia kwetu. Nyumba haijaisha yote, lakini tumepaka rangi na chini tumeweka marumaru. Kijivu tulimpa chumba cha peke yake upande wa magharibi. Ni kikubwa, kina dirisha pana, ila dari bado, ukiangalia juu unaona bati. Nilijua atafurahi kupata nafasi.

Sasa imekuwa kinyume. Mchana analala ubavu, hajikunji tena kama zamani. Usiku anabweka, ndiyo, anabweka kabisa, kwa sauti kali ya kukatakata, mpaka watoto wanaamka. Nyasi anazigusagusa tu, ila watoto wakimletea zabibu au karanga anapokea, kwa hiyo wamekuwa wakimpa hizo ili asilale njaa. Kinyesi chake kimekuwa kidogo na kimepungua. Tumemwekea feni, inapuliza kutwa nzima umeme ukiwepo. Juzi mdogo wao aliingiza mkono akamkamata mgongoni, manyoya ya kujaa kiganja yakabaki mkononi mwa mtoto, na Kijivu akajificha mpaka kesho yake.

Mama mkwe wangu tunaishi naye. Yeye anasema huyu ni panya, na panya hawekewi chumba. Ameshanunua sumu kwa ajili ya panya wa stoo na nina wasiwasi. Baba watoto anasema tumgawe tu. Binti yangu akisikia hivyo analia.

Shangazi, je, ameichukia nyumba mpya? Nikimhamisha tena chumba si nitamvuruga zaidi? Na mnyama wa namna hii anazoeshwaje chumba kigeni?

Mama wa Kijivu, Nzuguni

*

Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kuandika, na usikawie kutenda, kwa sababu dalili ulizonitajia si za mnyama aliyenuna.

Kabla hujamaliza kusoma, nenda kamwangalie. Akiwa amelala ubavu anahema kwa kasi, masikio yamewiva mekundu na ukimgusa ni wa moto, hilo ni joto na linaua kwa saa chache. Mtoe humo, mpeleke sehemu yenye ubaridi, mlaze kwenye marumaru, chukua kitambaa kilicholowa maji ya kawaida ukikamue, umpanguse masikio. Usimchovye kwenye maji wala usimwekee barafu mwilini. Halafu mwite daktari wa mifugo. Kama hahemi hivyo lakini tangu jana hajala nyasi kabisa, au hakuna kinyesi kipya chini ya tundu, hilo nalo ni la daktari leo hii. Tumbo la chinchila halitakiwi kusimama. Likisimama siku nzima, kulianzisha tena ni kazi ngumu.

Sasa tuje kwenye chumba. Wewe umehesabu kilichobadilika kuwa ni nyumba. Mimi nimehesabu na miezi. Ulimpokea mwezi wa sita, kipupwe kikiwa kimeshika, usiku wa Dodoma ukimtaka mtu blanketi mbili. Mkakaa naye Area D mwezi wa saba na wa nane, bado kuna baridi. Mkahama mwishoni mwa mwezi wa tisa, na sasa ni mwezi wa kumi, jua liko utosini na mvua bado. Mchana huku unafika nyuzi joto 30 na kidogo. Kijivu alihama nyumba na kuhama majira kwa wakati mmoja, tena akaangukia chumba kinachopigwa na jua la alasiri, chini ya bati lisilo na dari. Ningekuwa yeye nami ningelala ubavu.

Asili ya huyu mnyama ni milima ya Andes huko Chile, ambako usiku baridi ni kali. Manyoya yake yamesongamana kiasi kwamba tundu moja la ngozi, ambalo kwako wewe linatoa unywele mmoja, kwake linatoa nywele kama 60. Hatoki jasho. Joto analitolea zaidi masikioni, ndiyo maana nimekwambia uyatazame masikio. Raha yake ni nyuzi 18 hadi 22 hivi. Zikivuka 25 anaanza kutaabika, na zikifika 28 maisha yake yako hatarini. Feni haimsaidii kama inavyokusaidia wewe. Upepo unatupoza sisi kwa kukausha jasho, na yeye jasho hana, kwa hiyo feni inamsukumia tu hewa ya moto iliyoshuka kutoka kwenye bati.

Umeuliza kama ukimhamisha tena utamvuruga. Utamvuruga kidogo, naye atatulia. Humo alimo hawezi kutulia hata umbembeleze vipi, kwa hiyo mhamishe, ila iwe mara moja na uchague vizuri. Wengi wangekuambia umpeleke stoo kwa kuwa kuna giza. Usikubali, stoo haina hewa na ndiko kunakotegwa sumu. Chumba cha mama mkwe usikiguse hata kama ndicho chenye ubaridi kuliko vyote. Mimi ningeangalia chumba cha watoto. Kama kiko mashariki na kina dari, kinapigwa jua asubuhi tu, na kufikia saa nane mchana, wakati cha magharibi kinawaka, chenyewe kimeshapoa. Wape watoto kile kikubwa cha magharibi. Wao mchana wako shuleni, na usiku wa Dodoma unapoa hata katika miezi hii, ukifungua madirisha jioni watalala vizuri. Dari ya chumba hicho iwe jambo la kwanza mkipata fedha. Nunua na kipimajoto cha ukutani, ukitundike usawa wa tundu kwenye kivuli. Kikishakuwepo hamtabishana tena na baba watoto kama kuna joto au hakuna.

Katika chumba kipya fungua dirisha kuanzia jua linapozama, likiwa na wavu, uache ubaridi uingie usiku kucha. Asubuhi kabla ya saa mbili funga, shusha pazia zito. Hii nchi kame inatusaidia kwa jambo moja: hewa ni kavu, na joto lenye unyevu lingemwumiza haraka zaidi. Ukishafunga asubuhi, ubaridi wa usiku unakaa ndani mpaka mchana. Tafuta mabaki ya marumaru yaliyobaki kwa fundi, yaoshe, umwekee vipande viwili vitatu ndani ya tundu, atavilalia mwenyewe. Nenda sokoni ununue chungu cha udongo chenye mdomo mpana, kikavu, ambacho hakijapakwa chochote, ukilaze ubavu ndani ya tundu. Udongo unakaa na ubaridi, na yeye anapata pa kujificha. Kwenye friza gandisha chupa za maji, izungushie kila moja taulo, saa sita mchana unaiegemeza nje ya waya upande anaolala. Umeme ukikatika, chupa zilizoganda zitakuvusha alasiri. Chupa hizo asizitafune, plastiki ikiingia tumboni ni balaa lingine.

Siku ya kuhamisha, fanya hivi. Subiri magharibi anapoamka mwenyewe. Usimtoe. Beba tundu lote kama lilivyo, mtu wawili, limefunikwa khanga nusu. Wala usilisafishe siku hiyo, harufu yake iliyomo ndani ndiyo inayomwambia kuwa bado yuko kwake. Liegemeze kwenye kona ili pande mbili ziwe ukuta, mbali na dirisha, mbali na mlango unaobamizwa. Lisikae chini kabisa kwenye nyayo za watu, liinue juu ya meza imara au matofali. Khanga iache imefunika nyuma na juu kwa siku chache, mbele pawe wazi hewa ipite.

Kuhusu kubweka, hiyo ni sauti yake ya kuonya. Kuna kitu anakisikia. Wewe ukae chumbani kwake saa moja jioni bila kuwasha taa, usikilize. Bati lililoungua kutwa likianza kupoa linalia, ta, ta, ta, na hiyo ndiyo saa yake ya kuamka. Ongezea paka wanaopita juu. Chini ya dari kelele hiyo itapungua sana. Akibweka usikimbilie kuwasha taa na kuinua sauti, mwite jina lake taratibu ukiwa mlangoni, basi.

Siku tatu za mwanzo mwacheni. Maji, nyasi, kuokota uchafu, mnatoka. Baada ya hapo kila jioni saa ile ile mmoja wenu aketi karibu na tundu na kazi yake. Wewe sahihisha madaftari, binti asome kwa sauti ya chini. Mkono uwe wazi karibu na waya, una jani moja la nyasi, na asipokuja asilazimishwe. Atakapokushika kidole tena, hapo ndipo mmeanza upya. Mchana asiamshwe, hata wageni wakiomba kumwona. Mtoto mdogo naye afundishwe, kwa upole, maana naye aliogopa. Chinchila akikamatwa na kitu asichokijua huachia manyoya ili akimbie, ndivyo anavyookoka na ndege mwenye kucha. Hakuumia na yataota ndani ya wiki kadhaa. Kumbeba ni kuingiza mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, unamleta kifuani mwako. Kwa sasa mtoto amtazame tu, na mkono wake usiingie tunduni bila mkubwa.

Akishakula vizuri na kuja wayani mwenyewe, ndipo mnamfungulia chumba. Anza na dakika kumi, jioni, mlango umefungwa. Kabla ya hapo piga magoti utazame chumba kwa usawa wake: nyaya za umeme zote juu au ndani ya bomba, uwazi wa nyuma ya kabati uzibwe, ndoo ya maji itoke, dirisha lifungwe. Anaruka zaidi ya mita moja kwenda juu, kwa hiyo meza si mahali pa kufichia kitu. Wakati wa kumrudisha usimkimbize. Weka beseni lake la vumbi sakafuni, ataingia mwenyewe kuoga, umbebe nalo mpaka tunduni. Vumbi hilo ni unga wa jiwe la volkano, laini sana, na ndilo linalomkausha mafuta ya manyoya. Mwogeshe mara mbili kwa wiki, dakika kumi hadi kumi na tano, kisha lipitishe kwenye chekecheo ulitumie tena. Kopo likikaribia kuisha agiza lingine mapema. Usije ukajaza mchanga wa mtoni au vumbi la uani, chembe zake ni kubwa, zinakwaruza macho. Na asioge maji kamwe, manyoya yale hayakauki mpaka ndani.

Zabibu sasa. Najua mko katikati ya mkoa wa zabibu na mtoto kumnyima mgeni zabibu ni vigumu. Lakini sukari ile inachachusha tumbo lake na kulijaza gesi, na yeye hawezi kutapika wala kucheua. Karanga na mbegu za alizeti zina mafuta ambayo ini lake haliyawezi. Huenda hali nyasi kwa sababu ya joto, huenda ni kwa sababu ameshashiba vitamu, na nadhani ni vyote viwili. Acheni leo, zote. Chakula chake ni nyasi kavu zisizo na ukungu wala vumbi, saa zote, tunduni zisikose. Nyasi za Rhodes zinazokatwa na kufungwa marobota kwa ajili ya ng'ombe zinamfaa, ukichagua robota la kijani lenye kunukia. Lusani iwe kidogo sana, ina kalisi nyingi kuliko anavyohitaji chinchila mkubwa. Punje, vijiko viwili vya chakula kwa siku. Meno yake yanaota maisha yake yote na nyasi ndizo zinazoyasaga. Mfunue mdomo kidogo ukipata nafasi: ya mbele yanatakiwa kuwa ya njano kuelekea chungwa. Yakiwa meupe, au kidevu kimelowa udenda, mwambie daktari.

Watoto wakitaka kumpa kitu cha Dodoma, wampe kijiti cha mzabibu. Mashamba yetu yanavunwa mara mbili kwa mwaka, na mizabibu ikipogolewa vijiti vinatupwa. Omba kwa mkulima ambaye hajapuliza dawa, na umuulize hilo waziwazi, kisha vioshe na uvikaushe juani mpaka viwe vikavu kabisa. Anapenda kumenya gome lake kuliko pipi yoyote. Vijiti vya mchungwa au mlimao usimpe.

Umesema nyumba ni mpya na imepakwa rangi. Mdomo wake uko karibu sana na ukuta. Akitafuna rangi au akivuta harufu yake wiki nzima ataumwa, kwa hiyo chumba cha Kijivu kipepewe mpaka pua yako isisikie rangi tena, na upande wa tundu unaogusa ukuta uweke ubao mtupu. Dawa ya mbu ya kupuliza, ya koili, vidonge vya nondo kabatini, ubani na moshi wa jiko la mkaa, vyote visifike humo. Kwa mbu, wavu wa dirisha unatosha.

Chukua mizani ya jikoni, mpime kila Jumapili jioni ndani ya bakuli, uandike. Chinchila mkubwa ana gramu 400 hadi 600, wengine huzidi. Namba yenyewe si hoja sana, hoja ni kama inashuka wiki hadi wiki.

Madaktari wetu hapa wamezoea ng'ombe, mbuzi na mbwa. Muulize kwanza kama ametibu sungura, na akikwama mwombe awasiliane na wenzake SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, ambako wengi wao wamesomea. Jambo moja ulishike wewe mwenyewe: usimpe amoxicillin ya duka la dawa, hata kwa kiasi kidogo. Inaua vijidudu vizuri vya tumboni mwake na naye anafuata.

Mama mkwe wako usibishane naye. Mpelekee chai, umweleze. Ni kweli ni jamii ya panya, lakini karibu zaidi na simbilisi wanaofugwa Iringa, hali taka, hatembei kwenye mifereji, kinyesi chake ni punje kavu. Mama aliyelea watoto na wajukuu anajua mgonjwa ni mgonjwa. Mwombe akusaidie jambo moja dogo la kweli, mfano kumbadilishia chupa ile ya barafu saa sita wewe ukiwa shule, maana yeye ndiye yupo nyumbani. Sumu ya stoo lakini hilo ni amri, na baba watoto mwenyewe ndiye amwambie mama yake: itoke ndani, mtumie mtego. Kuna watoto humo ndani pia.

Kuhusu kumgawa, jibu langu linategemea kipimajoto. Fanya haya yote kwa wiki mbili. Ikiwa saa tisa alasiri chumba kinabaki chini ya 25, na nyasi zinapungua tunduni, mwache kwenu, maana chinchila huishi zaidi ya miaka kumi na binti yako atamaliza sekondari akiwa naye. Ikiwa kila siku kinapanda 27 au 28 pamoja na pazia na chupa, na hamna uwezo wa kiyoyozi, basi mtafutie mtu wa kumtunza mahali penye baridi, Njombe, Mufindi au Lushoto, japo mpaka miezi ya joto ipite. Asafirishwe usiku. Binti ahusishwe tangu mwanzo, azungumze na huyo mtu, amwandikie kwa mkono wake Kijivu anakula nini na anashikwaje.